Picha ya Akiba

Ukipita mtaani kwao ukauliza jina lake halisi utazungushwa mpaka uchoke, lakini ukisema unamtafuta Kidevu, hata mwenye haraka zake atasimama akuonyeshe mlango. Jina hilo alilipatia kazini. Tangu amalize shule, binti huyu alikuwa akimsaidia mjomba wake kwenye studio ya picha za vitambulisho, chumba kimoja chenye pazia jeupe, stuli ya kuzunguka na taa mbili zilizofunikwa miavuli, na kutwa nzima maneno yake kwa wateja yalikuwa yaleyale: "Inua kidevu. Kidogo tu. Shusha. Hapo hapo." Watoto wa jirani wakaanza kumwigiza, wakubwa wakadakia, na mwenyewe akaona afadhali hilo, maana watu wa mtaa ule walishawahi kumbatiza mtu jina baya zaidi kwa kosa la kupiga chafya.

Sasa Kidevu alikuwa amepata nafasi chuo kikuu, kusomea shahada ya radiografia. Kwa lugha ya mtaani, alikuwa anakwenda kusomea eksirei na zile mashine nyingine kubwa zinazotazama ndani ya mtu. Mama yake ni mshonaji, na habari ilimkuta ana pini mdomoni, kwa hiyo alishangilia kwa pua huku akizunguka cherehani. Mjomba mtu alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo utaendelea kupiga watu picha, ila hutahangaika kuwanyooshea tai." Kisha akaenda kuifuta lenzi ambayo ilikuwa safi.

Mjomba huyo ndiye kaka pekee wa mama. Baba yake Kidevu alifariki Kidevu akiwa bado anabebwa mgongoni, na kabla matanga hayajaisha mjomba alishahamisha makabati yake ili dada na mtoto wapate chumba nyuma ya studio. Hakuoa. Akiulizwa kwa nini, husema bado anatafuta mwanamke asiyefumba macho akipigwa picha. Yeye ndiye aliyempeleka Kidevu shule kwa mkono, ndiye aliyekaa kwenye vikao vya wazazi akisinzia, na ndiye aliyemfundisha kamera kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kidevu alilijua hilo lote, na lilimkaa moyoni. Kulisema ndiyo ilikuwa kazi, kwa sababu ukianza tu, "Mjomba, nataka kukushukuru," yeye hukutuma dukani.

Maandalizi yakaanza. Mama akamshonea koti jeupe, akalifumua mara mbili kwa sababu mabega hayakumridhisha. Kidevu akapata kitabu kikuukuu cha mifupa, kizito kama tofali, akawa anakisoma kati ya mteja na mteja. Hapo ndipo vituko vilipoanza, kwani kila aliyekaa kwenye stuli alikuwa somo. Alikuwa akirekebisha kola ya mtu huku akinong'ona: taya, fuvu, mtulinga, pingili. Siku moja alikuja msichana na mchumba wake kupiga picha ya pamoja, na Kidevu, akili yake ikiwa kitabuni, akamwambia yule msichana kwa dhati kabisa, "Dada, una mitulinga mizuri sana." Mchumba akakunja uso. Ilibidi mjomba aje kuonyesha kwa kidole, kwenye kifua chake mwenyewe, kwamba mtulinga ni mfupa tu wa hapa juu na kila mtu anao, hata mchumba.

Chuo kilikuwa na sharti moja. Kabla ya masomo kufunguliwa, kila mwanafunzi mpya alitakiwa akae majuma mawili katika idara ya eksirei ya hospitali, aione kazi kwa macho, na mkuu wa idara akiambie chuo kama huyu anafaa kukaribia wagonjwa. Asiposemewa vizuri, nafasi anapewa mwingine anayesubiri nyuma yake. Kidevu alipolisikia sharti hilo alitabasamu. Kuweka mtu sawa, kumtuliza, kubonyeza: si ndiyo kazi aliyokulia? Akaona hayo majuma mawili ni kama kuulizwa njia ya kwenda kwao.

Mkuu wa idara alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti inayoweza kumsimamisha mtu anayekimbia. Wafanyakazi walimwita Simama Hapo, naye alijua wanamwita hivyo na wala hakujali. Alimtembeza Kidevu kwenye chumba chenyewe: mlango mzito wenye taa nyekundu juu yake, meza ndefu, bamba la ukutani ambalo mgonjwa hulikumbatia kwa kifua, ndoano za nguo, na pembeni kizuizi chenye kioo kinene ambako mpigaji husimama. Kulikuwa na aproni za risasi, zile nzito za kukinga mionzi, zimetundikwa. Kidevu alijaribu kuinua moja kwa mkono mmoja, akaona ni heri asionwe akijaribu tena.

"Wewe kazi yako ni kutazama," alisema Simama Hapo. "Utanisaidia kuwaandaa wagonjwa nikikwambia. Mashine huigusi."

"Sawa, mama."

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Mgonjwa wa kwanza alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma aliyebanwa vidole na geti, na mkono wake ulipotokea kwenye skrini, mifupa yote ile midogo ya kiganja imepangana, Kidevu alisahau kufumba mdomo. Alikuwa ameisoma kitabuni mpaka akaiota. Kuiona sasa ndani ya mtu aliye hai, mtu aliyekuwa akilalamikia foleni dakika chache tu zilizopita, kulimfanya atake kucheka na kulia. Alirudi nyumbani akawasimulia mama na mjomba mpaka chakula kikapoa. Alikuwa na furaha, basi, furaha isiyohitaji maelezo.

Sasa lazima nikwambie kuhusu akiba. Katika studio ya mjomba kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa: picha ya kwanza ni ya mteja, ya pili ni ya akiba. Watu hufumba macho, hupiga miayo, huwaza madeni yao wakati taa inamulika. Kwa hiyo unabonyeza, unasema, "Tulia, ya akiba," unabonyeza tena. Kidevu alikuwa amelifanya hilo mara nyingi kiasi kwamba kidole chake kilishaacha kumuomba ruhusa.

Mwanzoni mwa juma la pili alikuja mama mmoja muuza vitambaa, mwenye kikohozi cha muda mrefu. Kidevu alimsaidia kulikumbatia bamba, akamwekea mabega sawa, akamwambia ainue kidevu, na kwa kweli alimweka vizuri. Akarudi nyuma ya kioo. Simama Hapo akasema kwenye kipaza sauti, "Vuta pumzi. Bana," akabonyeza. Picha ikaja. Akageuka kidogo kuitazama kwenye skrini.

"Tulia hivyohivyo, mama, bado ya akiba," alisema Kidevu kwa sauti ya kumtosha mgonjwa kule kwenye bamba, na mkono wake ukaenda kwenye kitufe.

Haukufika. Simama Hapo aliudaka kifundoni, akaushika hewani kama mtu aliyekamata mbu. Kisha kutoka kwenye bamba ikaja sauti ya yule mama, nyembamba: "Mmeona nini? Mbona mnarudia? Niambieni tu ukweli, nina watoto."

Ilichukua muda kumtuliza. Simama Hapo alimketisha, akamweleza polepole kwamba picha ni moja tu na haikurudiwa, na kwamba daktari ndiye atakayeisoma. Mama yule alitikisa kichwa kukubali, lakini alitoka akijifuta machozi, na waliokuwa kwenye foleni wakamwona. Mzee mmoja alisimama, akasema amekumbuka shughuli, akaondoka zake.

Mlango ulipofungwa, Simama Hapo hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu angepandisha.

"Hapa hakuna ya akiba, binti. Kila ukibonyeza, kuna mionzi inapita mwilini mwa mtu. Ya kwanza ina sababu, daktari ameiomba. Ya pili ikipigwa lazima niweze kusimama mbele ya huyo mtu nimwambie ni kwa nini. Wewe ungemwambia nini?"

Kidevu alikitazama kile kitufe.

"Na mashine nilikwambia huigusi."

"Mkono ulikwenda wenyewe, mama."

"Najua. Niliuona. Ndiyo maana naogopa." Akachukua fomu ya mgonjwa anayefuata. "Kwa mikono yako mingine yote, unafaa. Wagonjwa wanakusikiliza. Ila huo mkono mmoja siwezi kuusemea chuoni. Nenda nyumbani juma zima. Jumatatu ijayo njoo nikutazame mara moja. Ukija nao ulivyo, sitakudanganya na wala sitawadanganya wao."

Kidevu alitoka pale akashika njia ya nyumbani. Alipofika studio, mjomba alikuwa peke yake, anakata picha. Msichana hakusalimia hata "shikamoo", alikaa kwenye stuli ya wateja akaangua kilio, na yote yakatoka: yule mama, kitufe, kifundo cha mkono, Jumatatu. Mjomba alisikiliza mkasi ukiwa mkononi. Alichosema ni, "Haya, nenda ukanawe uso huo." Kidevu alijua mjomba si mtu wa maneno, lakini siku hiyo alitamani awe nayo walau matatu.

Asubuhi alimkuta amesimama katikati ya chumba kama askari wa zamu. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Sikiliza. Kuanzia leo mpaka Jumapili, humu ndani ni mbonyezo mmoja. Mteja mmoja, mbonyezo mmoja. Akifumba macho, ndiyo yamefumbwa."

"Mjomba, watu watarudisha picha."

"Watarudi kesho yake, bure. Lakini kurudi kesho siyo akiba. Ni aibu, yako na yangu. Mimi ndiye niliyekutia huo ugonjwa wa akiba, na mimi ndiye nitakayeutoa."

Msomaji aelewe mjomba huyu alikuwa mtu wa namna gani kuhusu jina lake. Aliwahi kumfuata mteja mpaka kituo cha basi kwa sababu aligundua tai ya kwenye picha imepinda. Na sasa mtu huyohuyo akakaa kwenye benchi karibu na mlango, mikono imekunjwa, akatazama sifa zake zikiteketea. Siku ya kwanza dalali wa nyumba aliondoka na picha inayomwonyesha amelala fofofo. Mwalimu mmoja alitokea mdomo wazi, kama aliyekatizwa kwenye wimbo. Kila mara kidole cha Kidevu kilirukia kubonyeza tena, na kila mara mjomba alikohoa kule mlangoni. Kufikia siku ya pili mtaa ulishapata la kuongea. Kinyozi wa jirani akaanza kuelekeza wateja kwa sauti kubwa: "Picha? Nenda hapo Studio Usingizi." Mjomba alilisikia, masikio yakamwiva, akajikalia vizuri zaidi kwenye benchi.

"Mjomba, tuache," alisema Kidevu. "Wanakucheka."

"Wanacheka kwa midomo yao. Mteja anasubiri."

Siku ya tatu aliletwa mtoto mchanga aliyehitaji picha ya pasi ya kusafiria, na waliowahi kupiga picha ya mtoto mchanga wanajua kwamba ile ni vita. Kidevu alimlaza kwenye shuka jeupe, akashika kamera, kisha akaiweka chini. Hakuwa na ujanja mwingine. Akainama, akamtazama tu. Akaona mtoto hupepesa macho, kisha hukaa, kisha hushusha pumzi, na baada ya ile pumzi uso wote hutulia kidogo. Akamtazama tena apate uhakika. Akamwomba mama mtu avue bangili iliyokuwa ikimeta na kumvutia mtoto macho, akavuta pazia kupunguza mwanga wa dirishani, na alipokwisha kuweka kila kitu ndipo akachukua kamera. Mtoto akapepesa, akakaa, akashusha pumzi. Mbonyezo mmoja. Macho mawili wazi, masikio yote mawili yanaonekana, kinywa kimefumbwa kama cha hakimu.

Mjomba hakukohoa. Kidevu alikitazama kidole chake: kimelala juu ya kamera, hakina haja ya kwenda popote. Tangu utotoni alidhani kazi yao ni kubonyeza. Sasa aliona kwamba yote yenye maana hufanywa kabla, na kwamba akiba ilikuwa ikimruhusu asimtazame mtu vizuri.

Jumapili hakukurudishwa picha hata moja.

Jumatatu Simama Hapo alimpokea bila maneno mengi, akamwelekeza kwa mgonjwa aliyefuata. Alikuwa mwamuzi wa mpira mstaafu, mrefu, mcheshi wa kuficha hofu, aliyeambiwa kifua chake kipigwe picha kabla ya upasuaji wa goti.

"Binti, mimi nikipigwa picha natokea vibaya," alisema.

"Hii ya leo haionyeshi sura, babu. Utatokea kijana." Mzee akacheka, na akicheka akashusha mabega, na Kidevu akaliona hilo. "Umevaa chochote cha chuma? Mkufu, saa, simu mfukoni?"

"Hakuna."

Zamani angeendelea. Sasa alimtazama. Mzee alikuwa ameweka kiganja kifuani, juu ya fulana, bila kujua. "Na hapo, babu?"

Mzee akatoa filimbi ya chuma iliyoning'inia kwenye kamba, akaishika kwa aibu. "Hii siivui hata nikioga."

"Nitaiweka hapa kwenye kibakuli, mbele ya macho yako. Ukimaliza unaivaa mwenyewe." Akamsogeza kwenye bamba, akamgeuza mabega mbele, akamwekea mikono kiunoni. "Kidevu juu. Hapo. Utasikia sauti inakwambia vuta pumzi, bana. Picha ni moja tu. Ikipita, umemaliza."

Akarudi nyuma ya kioo. Simama Hapo akasema maneno yake yaleyale, akabonyeza. Mapafu mawili yakatokea, mapana, safi, mbavu zimepangana, na hakuna filimbi katikati. Simama Hapo aliitazama picha, halafu akageuka kumtazama Kidevu, ambaye alikuwa ameifungia mikono yake nyuma ya mgongo, vidole vimeshikana.

"Huo wa kulia unataka kwenda?"

"Hapana, mama. Umetulia."

"Mwaka wa pili utaruhusiwa kubonyeza. Usiwe na haraka nao." Akamwita mzee avae. "Chuo nitawapigia simu leo mchana. Nitawaambia kwamba nilikurudisha nyumbani juma moja, na nitawaambia pia ulivyorudi."

Kidevu alimshukuru pale pale, akamshukuru na mzee, akashukuru na mlango mzito alipokuwa akiufungua. Mfagiaji wa korido alishukuriwa pia, na hakujua kwa nini.

Basi ikabaki shukrani moja, ile kubwa, ambayo kila alipoigusa alitumwa dukani. Siku ya mwisho kabla ya kwenda chuoni, alasiri, koti likiwa limekunjwa kwenye begi na mama yupo nyuma akibishana na zipu, Kidevu aliingia studio, akafunga mlango, akaegemea kitasa.

"Mjomba, leo hunitumi popote."

Mjomba alikuwa akizikunja taa. Akaangalia mlango, akaona hakuna njia.

"Nakushukuru," alisema Kidevu. "Kwa chumba, kwa shule, kwa yote ambayo hutaki yatajwe. Lakini zaidi kwa lile juma. Jina lako unalipenda kuliko chakula, ukaliacha lichekwe na mtaa mzima ili mimi nipone. Sijui nikulipe nini."

Mjomba alikaa kwenye stuli ya wateja, ambayo hakuwa na mazoea ya kuikalia.

"Siku ile uliporudi unalia," alisema, "unajua mimi nilifurahi?"

Kidevu aliachia kitasa.

"Nilifurahi, mwanangu. Nilikwambia ukanawe uso nisionekane. Nilisema moyoni, basi, haendi, anabaki. Nikalala nimefurahi. Asubuhi nikaamka, nikasikia unajilaumu kule nyuma, unamwambia mama yako kwamba huna akili. Nikaona haya, haya ambazo sijawahi kuziona. Ndiyo nikaja hapa na ile sheria. Kwa hiyo hiyo shukrani yako, tafadhali, ipunguze."

Alikuwa akitazama sakafu. Kidevu aliyemjua mtu huyu tangu hajaanza kutambaa hakuwahi kumwona akisubiri hukumu, na hapo, akimtazama mabega na mikono kama alivyojifunza kumtazama kila anayekaa pale, akaelewa kile ambacho kingewezekana kabisa. Ingetosha mjomba akae kimya. Ampikie chai, amwambie asijali, amwache Jumatatu aende na mkono wake vilevile. Hakuna mtu duniani ambaye angejua, na yeye angepata kila alichokitaka.

Akaja akachuchumaa mbele ya stuli.

"Mjomba, ningekuwa mimi ndiye ninayeachwa, ningefurahi juma zima," alisema. "Wewe umefurahi usiku mmoja. Sipunguzi kitu."

Mjomba aliinua uso. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha mpwa wake, na safari hii akakubali kushukuriwa.